Kupanga vituo vya chakula mnaposafiri kwa miguu milimani na watoto

Familia inayotembea milimani siku tatu au nne haiwezi kubeba chakula chote cha safari. Mzigo ukizidi, watu wazima huchoka, mwendo hupungua, na watoto hukaa njiani muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Ndiyo maana watu wa safari ndefu hupanga vituo: kijiji, gulio, duka au nyumba ya wageni ambapo watakula chakula cha moto na kuongeza akiba kabla ya kuendelea.

Ukurasa huu ni kwa mama, baba au mlezi anayepanga safari ya aina hiyo, iwe ni matembezi ya likizo, kwenda kusalimia ndugu ng'ambo ya mlima au kusindikiza kundi la wanafunzi. Mfano tulioutumia ni njia ya Lushoto hadi Mtae, katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Kwa ufupi

- Panga vituo kwa kumfuata mtoto mdogo kuliko wote, si mtu mzima mwenye nguvu.
- Pima umbali kwa saa za kutembea na mtoto, si kwa kilomita.
- Beba chakula cha kufika kituo kinachofuata, pamoja na mlo mmoja wa ziada kwa kila mtu. Kwa mtoto, akiba hiyo iwe ya siku nzima.
- Kituo ambacho hukupata uhakika wake usikihesabu. Tembea kana kwamba hakipo.
- Kila kituo kiwe na njia ya kutokea: barabara, gari au bodaboda ya kumfikisha mgonjwa kwenye matibabu.

Kwa nini mtoto ndiye kipimo

Mtu mzima akikosa mlo wa mchana ataona njaa na kukasirika, lakini atafika. Mtoto ni tofauti. Mwili wake una akiba ndogo ya sukari ya kutumia anapotembea, na kwa kuwa ni mdogo hupoteza joto haraka, hasa akilowa mvua au jasho. Njaa na baridi vikikutana jioni milimani, mtoto anaweza kudhoofika kwa muda mfupi.

Zaidi ya hayo, mtoto hasemi mapema. Mara nyingi anayeanza kuishiwa nguvu hunyamaza, hubaki nyuma, hujikwaa hovyo au hulia kwa jambo dogo. Wazazi hudhani ni deko. Ukiona hivyo, simameni, mpe kitu kitamu na maji, mvike nguo ya joto, kisha muamue kama mtaendelea.

Hatua ya 1: Hesabu saa

Waulize wenyeji au kiongozi wa njia inachukua saa ngapi kwa mtu mzima. Ukiwa na mtoto wa miaka 7 hadi 10, ongeza angalau nusu ya muda huo. Njia ya saa 4 ihesabu kuwa ya saa 6. Kisha ongeza mapumziko: dakika 10 kila saa moja, na dakika 40 za chakula cha mchana.

Panga kufika kituo cha kulala saa 10 jioni. Hiyo inabakiza saa mbili za mwanga iwapo mtachelewa, na mwenyeji atakuwa bado na muda wa kutafuta chakula na kupika. Mkifika saa 2 usiku, mtapata maduka yamefungwa na jiko limezimwa.

Hatua ya 2: Kifahamu kila kituo kabla ya kuondoka

Jina la kijiji kwenye ramani halitoshi. Kwa kila kituo tafuta majibu ya maswali haya:

- Kuna chakula kilichopikwa, au duka la vitu vikavu tu?
- Mama lishe hupika kila siku au siku ya gulio tu? Gulio ni siku gani?
- Maji ya kunywa yanatoka wapi? Kuna mahali pa kuyachemsha?
- Zahanati iliyo karibu iko wapi, na gari la kushuka huondoka saa ngapi?
- Malipo ni kwa fedha taslimu au simu? Mtandao unashika?

Kumbuka kalenda. Sehemu nyingi za Usambara zina Waislamu wengi, na katika mwezi wa Ramadhani si rahisi kupata chakula cha kununua mchana. Hilo si tatizo ukilijua mapema: chakula cha mchana cha watoto mnakibeba wenyewe tangu asubuhi. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia huteleza, magari hukwama na duka dogo linaweza kukosa bidhaa.

Mpigie mwenyeji simu siku moja au mbili kabla. Sema mko wangapi na watoto wana umri gani, kwa mfano:

"Shikamoo mama. Tutafika kesho kama saa kumi jioni, watu wazima wawili na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine kumi na miwili. Tunaomba utupikie wali na maharage, na asubuhi uji. Tukitanguliza pesa ya kununulia vitu itakuwa sawa?"

Kutanguliza pesa kidogo ni heshima, na humpa mwenyeji uhakika wa kununua vitu mapema. Kama mtoto ana mzio wa karanga, mayai au maziwa, liseme hapo hapo kwenye simu.

Hatua ya 3: Gawa chakula katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni chakula cha njiani. Huliwa mkiwa mnatembea, bila kupika. Vinavyofaa ni chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, tende, karanga za kukaanga, maandazi na mayai ya kuchemsha yaliyobaki na maganda yake. Mtoto ale kidogo kidogo kila baada ya saa moja hivi. Usisubiri aseme ana njaa.

Fungu la pili ni chakula cha kituoni. Huu ndio mlo mkubwa, jioni na asubuhi: wali, ugali au makande, maharage, mboga za majani, dagaa au mayai, na matunda. Hapa ndipo mwili unaporudisha nguvu. Mtoto aliyetembea siku nzima anaweza kusinzia kabla ya chakula kuiva, kwa hiyo mpe uji au maziwa ya moto mara tu mnapofika.

Fungu la tatu ni akiba. Liwe kwenye mfuko wake, limefungwa vizuri, na mtu mzima mmoja ndiye mwenye ruhusa ya kulifungua. Humo weka unga wa uji, sukari, karanga, tende au biskuti na pakiti za ORS. Fungu hili haliguswi kwa sababu ya hamu. Hufunguliwa mkipotea njia, mvua ikiwazuia, mtu akiugua au kituo kikikosa chakula. Mkilitumia, mlijaze upya kituo kinachofuata kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Uzito unasemaje

Chukulia familia ya watu wanne: baba, mama, mtoto wa miaka 12 na wa miaka 8. Kama chakula chote ni kikavu na chenye nguvu, kadiria gramu 700 kwa siku kwa kila mtu mzima, 600 kwa mtoto mkubwa na 500 kwa mdogo. Jumla ni kilo 2.5 kwa siku. Kwa siku tatu ni kilo 7.5, bila maji, nguo wala sufuria.

Familia hiyo hiyo ikiwa na vituo viwili vya uhakika, hubeba chakula cha njiani cha siku moja, kama kilo 1.5, na akiba ya kilo 1.5 hivi. Mzigo wa chakula umepungua kwa zaidi ya nusu, na jioni wanakula cha moto.

Mtoto asibebeshwe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 25 abebe kilo 2.5 tu, yaani chupa yake ya maji, sweta na tende zake.

Mfano: Lushoto hadi Mtae

Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mtae iko ukingoni mwa milima upande wa kaskazini, mahali unapotazama chini tambarare za Mkomazi. Njia inapita kwenye vijiji na mashamba, kwa hiyo vituo vipo. Watu wengi huigawa hivi:

Siku ya 1: Lushoto hadi Lukozi, kupitia msitu wa Magamba. Nunueni akiba yote Lushoto, kwenye soko na maduka makubwa kuliko ya mbele. Kupita ndani ya hifadhi ya msitu kunahitaji kibali, na vizuri muwe na kiongozi. Msituni hakuna duka, na ni baridi na unyevu, kwa hiyo chakula cha mchana kiwe mfukoni. Lukozi inajulikana kwa mboga na viazi. Hapo ongezeni viazi vya kuchemsha, karoti na matunda ya msimu kama peasi.

Siku ya 2: Lukozi hadi Rangwi, kupitia Manolo. Hapa kuna makazi njiani, lakini usitegemee chakula kilichopikwa katika kila kijiji. Rangwi kuna nyumba ya masista ambayo imezoea kupokea wageni. Wapigieni mapema. Kama mna mtoto chini ya miaka 10, hapa ni pazuri pa kulala siku mbili.

Siku ya 3: Rangwi hadi Mtae. Ni siku ndefu, yenye kupanda na kushuka, kwa hiyo ondokeni mapema na mjaze chupa zote kabla ya kutoka. Kama mtoto alichoka jana yake, sehemu ya njia ipiteni kwa gari. Basi la kurudi Lushoto huondoka Mtae alfajiri sana. Jioni nunua maandazi na ndizi za kula ndani ya gari, maana saa hiyo hakuna kinachouzwa.

Njia hii haifiki mita 2,500, kimo ambacho ugonjwa wa mwinuko huanza kuwasumbua wengi. Kwenye milima mirefu kama Kilimanjaro au Meru mambo ni tofauti: hamu ya kula hupungua, kichwa huuma, na hakuna vijiji vya kununua chakula. Safari kama hiyo usiipange kwa kufuata ukurasa huu.

Pale ambapo duka halina uhakika, unaweza kutanguliza mzigo. Funga unga, karanga na sukari kwenye ndoo yenye mfuniko, andika jina na namba ya simu, ukabidhi kwenye basi liendalo huko, na mwenyeji akapokee. Usitangulize dawa za mtoto. Dawa hutembea na mtoto mwenyewe.

Maji

Mtu mzima anayetembea kwenye mwinuko huhitaji kama nusu lita kwa saa. Mtoto wa miaka 12 kadiria theluthi moja ya lita, na wa miaka 8 robo lita, akinywa mafunda machache kila dakika 20. Familia yetu ya mfano, kwa saa tatu bila mahali pa kujazia, inahitaji karibu lita 5, na hizo ni kilo 5. Kwa hiyo vituo vya maji vipangwe kwa karibu zaidi kuliko vya chakula.

Chemchemi ya mlimani huonekana safi, lakini juu yake kunaweza kuwa na mifugo, shamba lenye dawa au choo. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa kwa dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000 kwa dakika 3. Usipoweza kuchemsha, tumia dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Dawa hiyo huua vijidudu, haiondoi sumu za shambani, kwa hiyo usichote chini ya mashamba.

Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka yakiwa na joto dogo zaidi. Kwenye mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage na makande huchelewa kuiva milimani. Usibebe maharage makavu ukitegemea kuyapika baada ya kufika. Mwombe mwenyeji aanze kuyapika mchana.

Kula salama kituoni

Kuhara njiani ni hatari kuliko njaa, kwa sababu kunamwondolea mtoto maji na nguvu kwa pamoja.

- Kula kilichopikwa kikaiva na bado ni cha moto.
- Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuhifadhiwa. Wali wa jana usiwe chakula cha njiani.
- Matunda ya kumenya ni salama kuliko kachumbari.
- Maziwa yachemshwe, hata kama yametoka kukamuliwa sasa hivi.
- Bebeni kipande cha sabuni. Mikono ioshwe kabla ya kula na baada ya kujisaidia, hata porini.

Wanaohitaji mpango wao wenyewe

Mtoto chini ya miezi 6. Anahitaji maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji. Ushauri wetu ni kuahirisha safari ya siku nyingi mpaka akue.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2. Anaendelea kunyonya, na anahitaji chakula laini mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na mara 3 hadi 4 baada ya hapo. Parachichi, ndizi mbivu na viazi vya kupondwa hupatikana vituo vingi. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Karanga nzima asipewe mtoto chini ya miaka 5, kwani zinaweza kumkaba. Ziwe za kusaga. Anapobebwa mgongoni hatembei, kwa hiyo hupata baridi wakati wewe unatokwa na jasho. Gusa miguu yake mara kwa mara.

Mama anayenyonyesha. Mwili wake unahitaji chakula cha ziada kinacholingana na mlo mdogo mmoja kila siku, hata bila kutembea. Asiwe wa mwisho kupakua. Anywe maji kila anaponyonyesha.

Mjamzito. Aende kliniki kwanza aulize kama anaweza kutembea. Akiruhusiwa, asiruke mlo, aendelee na vidonge vya madini ya chuma, na kila kituo chake kiwe karibu na barabara.

Mwenye selimundu, kisukari, pumu au anayetumia dawa kila siku. Zungumza na kliniki yake kabla ya kupanga. Mwenye selimundu huumizwa na baridi, uchovu na upungufu wa maji. Anayetumia insulini hawezi kusubiri chakula kilichochelewa. Beba dawa za siku tatu zaidi ya siku za safari, na uzigawe kwenye mifuko ya watu wazima wawili.

Kituo kikikosa chakula

Imetokea: mmefika, mama lishe amesafiri, duka limefungwa. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Wavike watoto nguo kavu na muwaketishe mahali pasipo upepo.
2. Fungua akiba. Watoto na mama anayenyonyesha wale kwanza.
3. Ulizeni nyumba iliyo karibu au kwa balozi. Vijijini hakuna aibu kusema watoto hawajala.
4. Hesabuni kilichobaki. Kama hakitoshi kumfikisha mtoto kituo kinachofuata na mlo mmoja juu yake, kesho mtashuka kwa gari.

Jambo la nne ndilo gumu. Watu wamelipa, wamepanga likizo, wamebakiza siku moja tu. Kubalianeni kabla ya kuondoka nyumbani nani ana neno la mwisho kuhusu kurudi, na awe mtu anayemfahamu mtoto vizuri.

Mtoto akiharisha njiani

Simamisheni safari. Koroga ORS kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita 1, na uitumie ndani ya saa 24. Baada ya kila choo cha majimaji, mtoto chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 hadi 10 anywe mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe tena polepole kwa kijiko. Aendelee kunyonya na kula. Mfikisheni zahanati, ambako atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Dalili za hatari

Mpeleke mtoto kwenye matibabu mara moja ukiona mojawapo ya hizi:

- Hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu.
- Amelegea, hazinduki vizuri, amechanganyikiwa au amepata degedege.
- Macho yameingia ndani, mdomo mkavu, hajakojoa kwa saa 6.
- Ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole.
- Kinyesi kina damu, au ana homa kali.
- Anapumua kwa shida au haraka sana.
- Alikuwa anatetemeka kwa baridi, sasa ameacha na anasinzia. Mvue nguo zilizolowa, mkumbatie ngozi kwa ngozi ndani ya blanketi, na umpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa yuko macho na anameza vizuri.

Karatasi ya kuacha nyumbani

Andika karatasi mbili zinazofanana. Moja iende na nyinyi, nyingine ibaki kwa ndugu nyumbani. Ziwe na:

- Jina la kila kituo na saa mnayotarajia kufika.
- Namba ya simu ya mwenyeji wa kila kituo na ya kiongozi wa njia.
- Zahanati au hospitali iliyo karibu na kila kituo.
- Majina, umri na uzito wa watoto, dawa zao na mizio yao.
- Saa ambayo ndugu aanze kuwatafuta kama hamjapiga simu.

Chukua pia nakala ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mhudumu atakayempokea mlimani hamjui mtoto wako, na kadi hiyo itamwambia mengi kabla wewe hujamaliza kuvua mzigo.